Nguruwe Mwitu na Mashamba Yetu



Siku moja ya sadaka ya mavuno, mama mmoja mjane wa kigango chetu alikuja kanisani na kikapu kitupu. Wenzake walileta mahindi, karanga, mihogo na kuku. Yeye aliweka kikapu chake mbele ya altare pamoja na vikapu vya wengine, akapiga goti, akarudi mahali pake. Baada ya Misa nikamwuliza, "Mama, kulikoni?" Akajibu, "Mwalimu, nguruwe wamevuna mbele yangu. Nimelima miezi mingi, wao wamemaliza kwa usiku mmoja. Nimemletea Mungu kikapu apate kukiona."

Wengine walifikiri ya kuwa mama huyo amefanya mzaha katika nyumba ya Mungu. Mimi sikufikiri hivyo. Nilikumbuka Zaburi ile ya mzabibu, ambayo ni ya 79 katika hesabu ya vitabu vya zamani, na ya 80 katika Biblia nyingi za siku hizi. Humo taifa la Mungu lalia kwa sababu ua wa shamba umebomoka, naye nguruwe wa mwituni ameingia na kuharibu. Basi mama yetu alisali sala ya kale sana, ila hakutumia maneno.

Tangu siku ile nilianza kuwauliza wazee na kusoma habari za zamani. Nilitaka kujua jambo moja: watu wa nchi hii ya Kalemie waliwezaje kuishi na mnyama huyu kwa miaka mingi, na mbona siku hizi tunashindwa? Haya niliyoyapata napenda kuwaeleza, maana ni habari za chakula chetu, tena ni habari za ujirani wetu.

Mnyama mwenyewe

Watu husema "nguruwe wa pori" kana kwamba ni wa namna moja tu. Sivyo. Katika nchi yetu wako wawili wa kujulikana. Wa kwanza ni ngiri. Kichwa chake ni kipana, kina vinundu, na meno yake yamepindika kwenda juu. Hutembea mchana, hupiga magoti akila majani, na usiku hulala shimoni, mara nyingi katika shimo lililochimbwa na mhanga. Akikimbia husimamisha mkia wake kama fimbo.

Wa pili ndiye nguruwe mwitu hasa, ambaye Waluba humwita ngulube. Jina hilo ni la kale. Wabemba wa kusini nao husema ngulube, Wanyarwanda husema ingurube, na Waswahili wa pwani husema nguruwe. Lugha zetu zilipoachana zamani, kila moja iliondoka na jina la mnyama huyu katika mzigo wake. Nadhani ni kwa sababu hapana mkulima awezaye kumsahau.

Nguruwe mwitu ana nywele ndefu za mgongoni, na aliyekomaa aweza kupata kilo 50 mpaka 100 na zaidi. Mchana hujificha katika vichaka vizito na matete ya kando ya mito. Usiku hutoka na jamaa yake, dume mbele, majike na watoto nyuma. Pua yake ndiyo jembe lake. Hula mizizi, matunda yaliyoanguka, wadudu, hata mizoga. Lakini akiisha kuonja mihogo, karanga, viazi vitamu au mahindi, hurudi palepale. Jike huchukua mimba muda wa miezi minne hivi, huzaa watoto watatu au wanne, pengine zaidi. Kwa hiyo kundi lililopunguzwa laweza kujaa tena upesi.

Tusimtukane bure. Huko porini yeye ana kazi aliyopewa na Mwumba. Hugeuza udongo, hula wadudu, naye mwenyewe ni chakula cha chui na simba. Taabu huanza pale pori na shamba yanapokutana na hapana mlinzi kati yake.

Wazee waliwinda namna gani

Katika nchi za Waluba uwindaji ulikuwa kazi ya heshima kubwa. Wasomaji wengi wamesikia kwa babu zao habari za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki, akafika kwa Nkongolo, akamzaa Kalala Ilunga, ambaye ufalme wa Waluba watoka kwake. Tazameni basi: wazee walipotaka kueleza asili ya utawala mwema, walimtaja mwindaji. Hawakumsifu kwa kuua tu. Walimsifu kwa adabu yake, na hasa adabu ya kula.

Kwa tembo na nyati walikwenda mafundi wachache, wenye miiko na dawa zao. Lakini kwa nguruwe hakutakiwa fundi mmoja, zilitakiwa nguvu za kijiji kizima. Nyavu zilisokotwa kwa nyuzi za magamba ya miti, kila mwenye nyumba akiwa na wavu wake. Siku ya kuwinda nyavu hizo ziliunganishwa, wavu na wavu, zikazunguka upande mmoja wa kichaka. Wanaume wenye mikuki walijificha nyuma yake. Vijana, wanawake na watoto waliingia upande wa pili wakipiga kelele na kugonga miti. Mbwa walikwenda mbele. Katika sehemu nyingi za Kongo mbwa wa kuwinda wa asili hawabweki, basi walifungwa kengele za mti shingoni, watu wapate kujua walipo.

Tena kulikuwa na marima, yaani mashimo yaliyofunikwa kwa majani katika njia za nguruwe, na mitego ya mikuki mizito iliyoning'inizwa juu. Mahindi yalipokomaa watu walilala shambani juu ya dungu, wakiwa na moto na ngoma. Mashamba yenyewe yalilimwa karibukaribu, hata ua mmoja na walinzi wachache waliweza kuyatosha mengi.

Nyama iligawanywa kwa desturi. Mara nyingi mwenye wavu alikuwa na sehemu yake, mwenye mbwa sehemu yake, na aliyechoma mkuki wa kwanza sehemu yake. Wazee hawakusahauliwa, wala wajane wasio na mtu wa kuwawindia. Nani angeona uchungu kukaa kutwa nzima na wavu wake, ikiwa alijua ya kuwa jioni hatarudi mikono mitupu?

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Mtu mmoja akifukuza nguruwe katika shamba lake, hakuondoa taabu. Ameihamisha kwa jirani. Jirani akimfukuza, atarudi kwa yule wa kwanza. Ila wote wakitoka siku moja, nguruwe hana pa kwenda. Basi uwindaji wa zamani ulilinda shamba na kuleta kitoweo kwa kazi ileile moja.

Miaka ya vita na magonjwa

Sasa tuone jinsi ua huo ulivyobomoka. Haukubomoka siku moja.

Katika miaka ya 1870 na 1880 wafanya biashara ya watumwa walikuwa na nguvu pande zote mbili za ziwa. Mwaka 1883 Kapteni Storms, Mbelgiji, alijenga kituo huko Mpala. Mwaka 1885 kituo hicho kikapewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, na huko ndiko mbegu ya Injili ilikopandwa katika nchi yetu. Mwaka 1887 Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akaja Mpala kuwalinda watu. Mwisho wa mwaka 1891 Kapteni Jacques akajenga boma alilolipa jina la Albertville, jina ambalo baadaye lilikuwa la mji wetu kabla haujaitwa Kalemie. Waliokimbia watekaji walikusanyika karibu na misheni na maboma hayo, wakapona.

Walakini mtu aliyekimbilia ndani ya boma hawezi kulinda shamba la mbali. Vijiji vingi viliachwa. Mahali palipokuwa mashamba pakaota vichaka, na nguruwe hupenda vichaka vya mahame kuliko pori la asili.

Baada ya vita yakaja magonjwa. Kati ya mwaka 1889 na 1897 sotoka ilipita toka kaskazini mpaka kusini ya Afrika, ikaua ng'ombe na nyati wasiohesabika, na hata nguruwe mwitu na ngiri. Tena mwanzo wa karne ya 20 malale yakaua watu wengi katika pwani za ziwa letu. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o. Mbung'o apenda kivuli cha vichaka, na wako mbung'o wanaopenda sana damu ya ngiri na ya nguruwe mwitu. Basi palipopungua watu, vichaka viliongezeka. Vichaka vilipoongezeka, nguruwe na mbung'o walipata makao. Nao mbung'o wakawazuia watu wasirudi kulima.

Orodha ya London

Katika miaka hiyohiyo jambo jingine lilifanyika mbali na kwetu. Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa serikali za Ulaya zilizotawala Afrika, pamoja na wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, walitia sahihi huko London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Nia yao haikuwa mbaya. Waliona tembo wanamalizwa kwa ajili ya pembe, wakataka kuzuia. Wakaandika orodha za wanyama.

Katika orodha ya wanyama wabaya, wa kupunguzwa, waliandika simba na chui. Katika orodha ya wanyama wa kuuawa wachache tu, waliandika tembo, kiboko, nyati, na pamoja nao nguruwe wa namna mbalimbali. Tena wakasema kwamba matumizi ya nyavu na marima yapunguzwe kadiri iwezekanavyo.

Ndugu msomaji, hebu fikiri kidogo. Chui ndiye mla nguruwe. Yeye aliandikwa adui. Nguruwe ndiye mla mihogo. Yeye aliwekewa ulinzi. Wavu na rima ndizo silaha za mkulima asiye na bunduki. Nazo zikahesabiwa kuwa mbaya. Mkataba ule haukupata nguvu kamili, kwa sababu si wote waliouthibitisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za nchi nyingi. Sidhani walitaka kumwonea mkulima wetu. Hawakumwuliza tu. Walitazama pori kwa macho ya mwindaji mwenye bunduki, wakasahau kulitazama kwa macho ya mama mwenye jembe.

Nazo bunduki zilikuwa zimekwisha kuzuiwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofanywa ili kukomesha biashara ya watumwa, ulikataza kuingiza bunduki bora katika sehemu kubwa ya Afrika. Jambo hilo lilikuwa jema, maana bunduki ndizo zilizoteketeza vijiji. Lakini mkulima alibaki katikati: bunduki hana, na nyavu zake zadharauliwa.

Chui wamepungua katika sehemu nyingi, nasi twajua habari za mahali pengine pia. Katika kisiwa cha Unguja chui waliwindwa sana baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, kwa sababu watu waliwaogopa na kuwahusisha na uchawi. Siku hizi yasemekana hawako tena. Nguruwe mwitu wangaliko. Wenyeji wengi wa huko ni Waislamu, wasioionja nyama hiyo, hata hivyo hutoka pamoja na mbwa na mikuki kuwawinda, ili waokoe mihogo yao. Basi hata pasipo nyama mkulima hana budi kuwinda.

Reli, mgodi na jembe

Mwaka 1915 reli ya toka Kabalo ilifika ziwani, na mji wa Albertville ukakua. Bandari ilitaka wapagazi, reli ilitaka wafanya kazi, makaa ya mawe ya bonde la Lukuga yalitaka wachimbaji. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwenye shaba ya Katanga ya kusini. Waliokwenda ni vijana wenye nguvu, yaani walewale waliosimama nyuma ya nyavu na mikuki yao. Kijijini walibaki wanawake, wazee na watoto, na kazi ya shamba haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu serikali iliwalazimisha watu kulima pamba na vyakula vya kuuzwa.

Yafaa pia kuangalia habari za mihogo. Mihogo si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika kwa merikebu za Wareno. Zamani wazee walitegemea sana mtama na ulezi. Mtama ukiisha kukomaa hukatwa, huingizwa ghalani, mlango hufungwa. Mihogo hukaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ikingoja mwenyewe. Jambo hilo liliwapendeza watu na serikali pia, maana nzige hawaimalizi na njaa haiji upesi. Lakini ghala ya mihogo ni udongo wenyewe, nayo haina mlango. Mwenye pua ya kuchimba huingia apendavyo. Hivyo tulipata chakula cha kutuokoa na njaa, na papo hapo tukaongeza haja ya walinzi, wakati walinzi walipokuwa wachache.

Sheria za uwindaji nazo ziliendelea. Iko amri ya Wabelgiji ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. Baada ya uhuru ikaja sheria ya tarehe 28 Mei 1982, inayosema juu ya ruhusa za kuwinda, silaha, na majira ya kufunga na kufungua uwindaji. Mwaka 2016 Hifadhi ya Kabobo ilitangazwa katika milima ya kaskazini ya Kalemie, ili misitu yake isiharibiwe. Mimi sipingi hayo. Msitu wa Kabobo ndio mama wa mito yetu, na Mkristo hawezi kufurahi viumbe vya Mungu vikimalizwa. Ila nasema hivi: mahali panapohifadhiwa wanyama, na mashamba ya kando yake yahifadhiwe, na wakulima waulizwe kabla kalamu haijaandika.

Mishale iliyogeuzwa

Nimefika sasa mahali pagumu, wala sitapapita kimya.

Katika nchi yetu Batwa ndio mabingwa wa kuwinda. Tangu zamani walileta nyama na asali kwa wakulima, wakapewa mahindi, mihogo, chumvi na vyombo vya chuma. Mkulima aliyekuwa na rafiki Mtwa alikuwa na mlinzi wa shamba. Na Mtwa aliyekuwa na rafiki mkulima hakuogopa miezi ya njaa. Nguruwe aliyeuawa kandokando ya shamba alikuwa faida ya pande mbili.

Hata hivyo tusiipambe habari hiyo kupita kiasi. Urafiki huo haukuwa wa usawa. Mara nyingi Mtwa alidharauliwa, alipewa kazi kwa ujira mdogo, hakuwa na sauti mbele ya machifu, wala ardhi yenye jina lake. Dharau ya muda mrefu ni kama moto wa chini ya majivu. Kuanzia mwaka 2013 vita vilitokea kati ya Batwa na Waluba katika sehemu za jimbo letu, na katika mwaka 2016 na 2017 vilizidi. Vijiji vilichomwa, watu wengi waliuawa, na maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi za kandokando ya mji wa Kalemie, wakikaa katika vibanda vya majani. Mishale iliyochongwa kwa ajili ya wanyama iligeuzwa kwa wanadamu.

Nani aliyefaidi? Katika mashamba yaliyoachwa, mihogo ilibaki ardhini pasipo mwenyewe. Mchimbaji wake mwajua ni nani. Ndivyo ilivyokuwa pia katika maasi ya mwaka 1964, na katika vita vya mwaka 1996 na 1998. Kila mara watu wanapokimbiana, pori hurudi mlangoni. Waliporejea walikuta vichaka, wakaanza upya kwa jembe moja na mikono mitupu.

Ndiyo sababu nimesema kwamba habari za nguruwe ni habari za ujirani. Bunduki peke yake haifai kitu. Bunduki za vita zimejaa, na nguruwe wangali wanakula. Mwenye bunduki huenda usiku peke yake, huua mnyama yeyote anayemwona, awe nguruwe au awe swala mwenye mimba, na nyama huipeleka sokoni. Mjane hapati mfupa, na shamba lake halina mlinzi.

Juu ya nyama

Nyama ya nguruwe mwitu ni nzuri, na kwa watoto wetu wasioona nyama mara kwa mara ni msaada mkubwa. Ila yapasa kujua mambo mawili.

Kwanza, ipikwe mpaka iive kabisa hata katikati. Katika nyama hiyo pengine wamo minyoo wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka 1959, katika nchi ya Kenya, karibu na mlima Kenya, vijana waliugua vibaya baada ya kula nguruwe mwitu asiyeiva vema. Nyama inayobanikwa juujuu msituni, nje imeungua na ndani ni nyekundu, ni ya hatari.

Pili, iko homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery mwaka 1921, huko Kenya. Ngiri na nguruwe mwitu huwa nayo bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, wala hapana dawa. Mwanadamu haambukizwi. Basi mwindaji asitupe matumbo na ngozi mahali penye nguruwe wa kufugwa, wala asiwape mabaki ya nyama. Anawe, abadili nguo, ndipo aingie zizini. Wako wanaolipa karo ya watoto kwa nguruwe wawili watatu. Uzembe wa siku moja waweza kuwafukuza watoto shuleni.

Homa hii imesafiri mbali. Mwaka 1957 ilifika Ureno, mwaka 2007 Georgia, na mwezi wa Septemba 2018 ilionekana katika nguruwe mwitu wa kusini ya Ubelgiji. Wabelgiji walifanya nini? Walijenga nyua ndefu za waya, wakatafuta mizoga msituni hatua kwa hatua, wakaua nguruwe mwitu kwa maelfu. Serikali, wawindaji, wenye misitu na wafugaji walishika kazi moja, na mwaka 2020 wakahesabiwa tena kuwa nchi isiyo na homa hiyo. Wana fedha na bunduki na magari, walakini hata wao hawakumweza nguruwe mpaka walipokubaliana. Wazee wetu walijua hivyo kwa nyavu za magamba ya miti.

Yatupasa nini

Sitaki kuwaambia mrudie mambo yote ya zamani. Marima yaliyosahauliwa huvunja miguu ya watoto. Mitego ya waya hukamata kila mnyama, na wengi huoza bila kuliwa. Kuchoma pori ili kumtoa nguruwe kumeunguza mashamba mengi kuliko nguruwe walivyokula. Na sumu shambani ni dhambi, maana haichagui.

Lakini yako tuwezayo. Twaweza kulima mashamba karibukaribu, badala ya kila mtu kujificha na kipande chake porini. Twaweza kufyeka vichaka vya mpakani kabla mahindi hayajakomaa, na kugawana zamu za dungu, hata mwenye nyumba ya wagonjwa apate kulindiwa. Twaweza kwenda pamoja kwa chifu na kwa ofisi ya mazingira, tukaomba ruhusa ya kuwinda kwa siku iliyotajwa, mbali na hifadhi, badala ya kujificha kama wevi. Ndugu zetu Waislamu nao wana mashamba. Hawali nyama hiyo, nasi tusiwacheke wala tusiwalazimishe kuishika, ila wawe nasi katika kufyeka na kulinda.

Tena, na hili ndilo kubwa, tuwaite Batwa. Tusiwaite kama vibarua. Tuwaite kama mabingwa, tukae nao chini, tukubaliane mapema juu ya sehemu zao za nyama na za mavuno, na tulishike neno letu. Kila mahali watu wanapojaribu kupatana, wahitaji kazi ya kufanya kwa mikono yao, si maneno ya mkutano peke yake. Siku ya kuwinda nguruwe ni kazi ya namna hiyo. Mtu aliyesimama karibu nawe nyuma ya wavu, huku nguruwe mwenye meno anakuja mbio, huwezi kumhesabu kuwa adui.

Wabelgiji walizoea kumwomba Mtakatifu Hubertus, Askofu wa Liège aliyekufa mwaka 727, msimamizi wa wawindaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Nasi twaweza kumwomba. Hapa kwetu siku hiyo huangukia baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote na ukumbusho wa marehemu, wakati mvua zimeanza na mbegu zaingia ardhini. Ni wakati mzuri wa kukaa pamoja na kuulizana: mwaka huu nani atalinda shamba la nani?

Nirudi kwa mama yetu. Baada ya Misa ile wanaume sita walikwenda naye shambani. Hawakumwona nguruwe hata mmoja, maana ilikuwa mchana. Walichokiona ni njia pana katika matete, iliyokanyagwa kama barabara, ikitoka mtoni mpaka kwenye mihogo yake. Na kutoka hapo ikienda moja kwa moja kwenye shamba la mmoja wao. Akaitazama muda mrefu. Kisha akavua shati, akashika panga, akaanza kufyeka, wenzake wakamfuata.

Mwaka uliofuata mama alileta mihogo. Haikuwa mingi, ila kikapu kilijaa.